Natuma ngoma kali, najibiwa kidole gumba

Kona ya Shangazi: barua zenu za mwezi huu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanachuo mwaka wa pili hapa Dodoma, kwetu ni Kahama, na shida yangu ukiisoma haraka haraka utacheka ila mimi hainichekeshi tena. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja hivi, bumu (hela ya mkopo wa chuo) halijatoka, umeme umekata, nikawa nimekaa getini hosteli kwa mlinzi wetu, mzee mmoja ana karedio kake ka betri, ukapigwa wimbo Shangazi, gita linaongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale, nikamuuliza mzee huyu nani, akanitazama kama nimemuuliza rais wa nchi ni nani. Akasema huyo Mbaraka Mwinshehe, wimbo unaitwa Shida. Basi hapo ndo nilipopotea.

Toka siku ile nikipata bando siangalii mpira wala nini. Nilianza na Mbaraka, nikaenda kwa Marijani Rajabu, nikaangukia kwa Les Wanyika na Sina Makosa yao (huo niliurudia mara kumi na moja siku moja, nilihesabu), afu nikavuka mipaka, nikamkuta Ali Farka Touré wa Mali anapiga gita kama mtu anayetembea jangwani bila haraka, nikamkuta Mulatu Astatke wa Ethiopia na kile chombo chake kama marimba ya chuma, na juzi juzi nimempata mama mmoja wa Cape Verde, Cesária Évora, alikuwa anapanda jukwaani peku. Kikwao sijui hata neno moja lakini machozi yalinilenga, sijui kwa nini.

Sasa mimi nikipata kitu kizuri siwezi kukaa nacho. Natuma. Nimetuma kwenye grupu la darasa, tuko kama 130, siku moja nilituma saba kwa mkupuo, si-ara (kiongozi wa darasa) akaandika "grupu hili ni la masomo" na siku ya tatu akanitoa, nikarudishwa siku ya ratiba ya mitihani. Rumeti wangu nikiingia tu chumbani anavaa hedifoni na najua kabisa hakuna kinachopiga humo. Kuna dada mmoja tunasoma nae, yeye huwa anajibu "nzuri", nikafurahi, nikamuuliza pale magitaa yanapobadilika umeona eeh, akasema ndio, kumbe nilikuwa nimemtumia wimbo ambao haubadiliki popote. Yani hakusikiliza. Wengine ni kidole gumba tu, kidole gumba, kidole gumba. Vijana wenzangu ni amapiano asubuhi mpaka usiku, hawana habari na muziki wenye maana. Shangazi mimi nina tatizo? Niache?

Mwanachuo, Dodoma

Marahaba mwanangu. Usiache. Ila ngoja kwanza nikuulize, kwenye barua yako umenitajia wanamuziki sita na kila mmoja umemsifia, afu watu unaoishi nao, rumeti, si-ara, huyo dada, hata mmoja hujaniambia anapenda nini. Hata kimoja. Umeniambia tu wao kwako ni nani, ni watu wasiosikiliza. Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta hicho kitu sijakiona, na nadhani shida yako imelala hapo.

Sikia, mimi enzi zangu nikiwa shule ya bweni nilikuwa na ugonjwa huo huo, tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na kanda. Unakaa mbele ya redio kaseti, vidole viwili, kimoja kwenye kitufe cha kupiga kimoja kwenye kile chekundu cha kurekodi, unasubiri mtangazaji amalize maneno yake ubonyeze vyote pamoja, na yeye kwa makusudi kabisa anaongea mpaka muimbaji anafungua mdomo, na mwisho wa wimbo anarudi tena kuongea juu yake. Kanda ya dakika 60, thelathini upande A thelathini upande B, na nyimbo zetu za dansi nyingine zilikuwa dakika nane, tisa. Kwa hiyo upande mmoja zinaingia tatu kama hukubahatika. Tatu! Nilikuwa nalala naziwaza, hii itoke ile iingie, yupi atakata katikati kanda ikiisha. Nilimrekodia rafiki yangu mmoja kanda moja ikanichukua likizo nzima, nikamuandikia majina kwenye ile karatasi ya ndani kwa herufi ndogo ndogo kama za daktari, akakaa nayo muhula mzima, ikinasa anaizungusha kwa kalamu ya Bic, akaurudia upande A mpaka sauti ikaanza kuyumba kama mlevi. Kanda ile alisikiliza kwa sababu aliona jasho langu mle ndani. Wewe linki saba kwa mkupuo umetoa jasho gani? Umebonyeza tu.

Na kabla ya kanda kulikuwa na kadi za salamu, sijui kama nyie wa 2000 na kitu mnazijua. Unanunua kadi dukani, unaandika kwa mkono, unatuma Redio Tanzania Dar es Salaam, na baada ya wiki mbili tatu nne, mtangazaji anaisoma: fulani wa Kahama anawasalimu fulani wa Nzega, mjomba wake aliyeko Tabora, wote wa mtaa wa pili, na mwisho anajisalimu yeye mwenyewe, ujumbe wake ni mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na angependa kusikia wimbo fulani. Kulikuwa na mpaka za wagonjwa, mtu kalazwa wodini anasikia jina lake hewani. Sasa nchi nzima inausikia ule wimbo, lakini wimbo una mwenyewe. Aliyetajwa jina hawezi kusema hakusikia, atausikiliza kama barua, atatafuta maana hata isipokuwepo. Wewe umegeuza kinyume, unatuma kwa watu 130 wimbo usio na mwenyewe, kila mmoja anajua wa 129 wapo watasikiliza, basi hasikilizi yeyote. Si kwamba wana roho mbaya.

Kwa hiyo ninachokushauri ni hiki, mtu mmoja, wimbo mmoja, na sentensi moja ya kwa nini yeye. Si "sikiliza hii hatari". Mwandikie "hii imenikumbusha ulivyosimulia safari ya treni na bibi yako, anzia dakika ya tatu". Hiyo ya dakika ni muhimu, usiidharau. Muziki wa dansi umejengwa kwa ngazi, kwanza muimbaji anasimulia taratibu, anasikitika, anaonya, afu huko mbele ndo inakuja chemko, magitaa yanafukuzana, tarumbeta zinaingia, watu wanaacha bia mezani wanaenda kucheza. Mwenzako kazoea wimbo unaomshika sekunde ya kumi. Ukimtumia dakika nane bila kumwambia mlango uko wapi anasikiliza nusu dakika ya utangulizi anaona mzee analalamika, anazima. Na bando ni lake, usisahau, wewe unatuma bure yeye ndo anakatwa, tena bumu halijatoka.

La pili, tena hili ndo kubwa. Huyo mlinzi. Hebu kumbuka alivyokupa Mbaraka. Hakukutumia kitu, hakukwambia sikiliza hapa, hakukukodolea macho kuona kama umependa. Alikuwa anasikiliza redio yake, wewe umekaa pale na njaa zako ukaingia mwenyewe kwenye ule wimbo kwa miguu yako, ukauliza. Ukauliza wewe! Kitu mtu alichokiuliza mwenyewe hakiachi. Sasa hapo hosteli Jumapili asubuhi si mnafua? Mabeseni yamepangwa uwani, watu wamekunja suruali, mikono ina povu, hakuna anayeweza kushika simu. Toka na kaspika kako, kaweke dirishani, sauti ya wastani, piga Sina Makosa, afu fua nguo zako kimya. Usitangaze. Usiseme jamani huyu anaitwa nani alizaliwa lini. Fua. Nakuhakikishia kabla hujafika kwenye soksi kuna mtu atauliza "oya hii nini?", na atakayeuliza huyo ndo wako, na akiuliza ndipo unaweza kumwambia kwamba ile rizimu imepigwa na Watanzania waliohamia Nairobi, kwamba bendi ya Simba Wanyika iliyowazaa hao Les Wanyika ilianzishwa na ndugu wawili wa akina Kinyonga waliotokea Tanga, ukipenda muongelee mpaka nguo zikauke.

Kuhusu muziki wenye maana na usio na maana, hapo tutagombana. Mbaraka mwenyewe alikuwa kijana, amefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa akiwa na miaka 34, na wazee wa wakati ule nao walikuwa wanasema vijana wanapoteza muda na magitaa. Na hiyo amapiano unayoidharau imekua kwa tabia kama yako, ni vijana wa vitongoji vya Afrika Kusini waliokuwa wanarushiana mafaili kwa WhatsApp na kuyapiga kwenye teksi wakati redio kubwa hazina habari nao. Muombe rumeti wako akupe wimbo mmoja wa amapiano anaoupenda kuliko zote. Vua hedifoni zako, usikilize wote mpaka mwisho, na ukimaliza mwambie kitu kimoja ulichokisikia mle ndani, kitu cha kweli, sio "nzuri". We mwenyewe umeona "nzuri" inavyouma.

Mwisho huyo dada. Sijui, ila kwenye barua yako yeye ndo umemwandikia kirefu kuliko wenzake, na umemtega kwa wimbo usiobadilika, ule ni mtego mwanangu, hata kama hukuupanga. Mimi nadhani alisema ndio kwa sababu alitaka uendelee kuongea. Unaweza ukamuuliza tu kwao walikuwa wanasikiliza nini nyumbani akiwa mdogo. Afu ukae kimya yeye aongee.

Na umerudi kwa mzee getini? Umemwambia kwamba wimbo wake umekufikisha Mali na Ethiopia na Cape Verde? Mpelekee Cesária kwenye simu, mkae wote, muwekee sikioni. Huyo mama alianza kujulikana duniani ameshapita miaka 40, mzee atampenda.

*

Habari za leo dada. Mimi nina genge la mboga hapa Morogoro, binti yangu wa kwanza yuko chuo Dar mwaka wa kwanza. Kila siku ananitumia miziki kwenye simu, mama sikiliza hii, mama sikiliza na hii, mwanzoni nilidhani ni masomo. Juzi kanitumia kitu kinaitwa singeli, kinakimbia kama cherehani ya mtu mwenye hasira, nilifungua wateja wapo nikaaibika. Mimi ni mtu wa Sikinde, ile bendi ya dansi, nimecheza Sikinde toka msichana. Najibu kidole tu maana sijui niseme nini na sitaki kumkatisha tamaa. Nimjibu vipi?

Mama wa genge, Morogoro

Dada yangu hiki kidole gumba kimeshakuwa janga la taifa, soma barua ya juu. Huyo mtoto yuko mjini peke yake mara ya kwanza, hajakutumia muziki, amekutumia "mama niko hapa". Angekuwa na la kusema angepiga simu, hana, kasikia kitu kizuri kwenye daladala kakukumbuka.

Halafu singeli unaijua wewe, usijifanye. Mchiriku si unaukumbuka? Vile vinanda vidogo vya Casio, spika inakoroma, mtu anaimba kama anagombana na jirani, watu wanacheza mpaka asubuhi. Singeli ni mtoto wake, umezaliwa hukohuko uswahilini Dar, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, ila watoto wameuongezea mwendo, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ndo maana umeona cherehani. Na wala si uhuni wa mtaani tu, 2017 lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya hapo Mburahati, na wazungu huko kwao sasa hivi wanaruka nayo.

Usimwambie nzuri. Mtumie voisi umwambie ukweli: wateja wamenishangaa, nyanya zimedondoka, huyu anakimbizwa na nani? Atacheka wiki nzima. Afu nawe mtumie Sikinde, mwambie huu nilicheza siku fulani nimevaa gauni gani, na nani. Hicho hatakipata YouTube. Mlimani Park, ndo hiyo Sikinde yako, imeanza 1978 na mabinti wa chuo hawaijui ila kwa baba zao, hawajawahi kusikia kwamba mama zao nao walikuwa wanavunja meza. (Mimi ni wa Msondo, wapinzani wenu, inaniuma kukuandikia haya, lakini kazi ni kazi.)

*

Shangazi mambo. Nimesikia wimbo mmoja kwenye daladala ya asubuhi, wa zamani, mtu anamlalamikia shemeji yake. Nimefungua Shazam mara tatu hola, inasema haijapata. Simu yangu mbovu?

Mdadisi, Mbagala

Poa mwanangu. Simu nzima. Hiyo programu haijui tuni wala maneno, inachofanya ni kuchukua alama za vidole za ile sauti, pale sauti zinapopanda juu zaidi, inazilinganisha na rekodi zilizoko kwenye ghala lake. Kama rekodi ile ile haimo ghalani hakuna cha kulinganisha, hata bendi ikikupigia wimbo ule ule jukwaani mbele yako itakwambia haijapata. Na nyimbo zetu nyingi ndo yatima wa namna hiyo, hapa Tanzania enzi hizo hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, bendi ilikuwa ama inasafiri mpaka Nairobi kurekodi ama inaenda Redio Tanzania wanarekodiwa kwenye mikanda mikubwa ya sumaku inabaki stoo ya redio. Nyingine zimetoka humo kwa njia ya mtu kurekodi redioni kwa kanda kama mimi na vidole vyangu viwili, afu kanda ikahamishiwa kwenye sidii, sidii ikahamishiwa kwenye kompyuta ya kijana wa kuingiza nyimbo kwenye flashi. Imeshachakaa, mwendo umebadilika kidogo, na mtangazaji yumo ndani.

Jaribu kuimbia Google kwa mdomo, toka 2020 inakubali mtu ahumu tu, ila sauti yako siijui.

Ila njia ya uhakika ni dereva. Flashi ni yake. Panda gari lile lile saa ile ile, kaa siti ya mbele, ukisikia unaanza muulize, na kama hajui jina atakuelekeza kwa kijana aliyemjazia, huyo ana mafolda yameandikwa "zilipendwa 1", "zilipendwa 2", "zilipendwa kali", umo humo. Kalalamika nini kuhusu shemeji, hela au chakula? Maana kama ni chakula kuna mmoja naufikiria, nirekodie hata sekunde ishirini kesho unitumie.